Nyanya za uani: kuanzia kitaluni, na zinakofia njiani

Anayepanda nyanya Dar es Salaam mwezi wa kumi atapata mmea mrefu, wa kijani, wenye maua mengi yanayopukutika moja baada ya jingine. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya maua. Tatizo si dawa. Nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, au mchana ukivuka 34, chavua huharibika na ua huanguka likiwa tupu. Kwa hiyo mtu wa pwani, awe Tanga, Mombasa au Unguja, asie mbegu kati ya mwisho wa mwezi wa nne na katikati ya wa tano, ili maua yakutane na kipupwe. Arusha, Lushoto au Limuru hesabu ni nyingine: huko joto si adui, adui ni mvua ya masika na bakajani, ugonjwa wa mabaka ya majani, inayokuja nayo. Panga matunda yaive kiangazi, hata kama itabidi umwagilie kwa ndoo.

Baada ya majira, chagua mbegu kwa kuangalia umbo la mmea kabla ya kuangalia picha kwenye pakiti. Kuna nyanya fupi, ambazo hufika kimo fulani, hutoa maua karibu kwa pamoja na kusimama: Tanya, Roma, Cal J na Rio Grande ziko kundi hili. Kuna ndefu, ambazo huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi, kama Moneymaker na Anna F1 (F1 maana yake ni mbegu chotara). Kwa ndoo na kibaraza, chukua fupi. Ndefu zinataka mti wa mita 2, kamba, na mtu wa kuzipogolea kila wiki. Ukizisahau wiki tatu una kichaka. Kama uwanja wako una minyoo fundo, ile inayotia vinundu kwenye mizizi, na viwanja vingi vya mchanga vinayo, Tanya na Tengeru 97 zina ukinzani dhidi yake.

Kitalu

Udongo wa kitaluni uwe safi kuliko wa mahali pengine popote, maana mche hufa kwa kile kilichomo udongoni kabla hata haujaona jua. Changanya udongo wa juu na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu, weka kwenye trei au beseni lililotobolewa, kisha umwagie maji yanayochemka hadi yatoke chini. Acha upoe siku nzima. Chora vijistari vya kina cha sentimita 1, vikiachana sentimita 10, udondoshe mbegu moja kila sentimita 2 au 3, fukia kidogo, tandaza nyasi kavu juu. Mbegu huota siku ya 5 hadi ya 8. Siku zinapochomoza tu, ondoa nyasi jioni ileile; ukichelewa miche hurefuka kama uzi ikitafuta mwanga na haipati tena unene.

Miche ikianguka kwa kukatika shingoni, pale shina linapogusana na udongo, ni kinyausi. Sababu karibu kila mara ni maji mengi pamoja na kubanana. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Funika kitalu kwa kitambaa chepesi cha shela, si chandarua cha kulalia: matundu ya chandarua yanamzuia mbu lakini inzi mweupe anapita bila kuinama. Huyu ndiye anayeleta rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja kwenda juu na kuwa ya njano pembeni huku mmea ukidumaa. Mmea uliopata rasta ukiwa mdogo hautazaa kitu, na hakuna dawa inayoutibu. Kinga yake inaanzia hapa kitaluni, wiki nne za kwanza.

Mche uko tayari ukiwa na majani halisi 4 hadi 6, shina nene kama penseli, kimo cha sentimita 15 hivi. Wiki ya mwisho punguza maji na uuzoeshe jua kali kidogo kidogo.

Mahali na udongo

Jua la saa 6 kwa uchache, 8 ni bora. Usipande pale palipokuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo au tumbaku katika miaka mitatu iliyopita. Hizi ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja.

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja. Mmoja. Kuweka miwili hakukupi mavuno mara mbili. Toboa matundu 6 hadi 8 ya ukubwa wa kidole chini, na mengine matatu ubavuni karibu na kitako, kwa sababu ndoo ikikaa kwenye sakafu ya saruji matundu ya chini huziba. Mchanganyiko: sehemu 2 udongo wa juu, 1 samadi iliyooza, 1 mchanga wa mto. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Na kama udongo wako tayari ni kichanga, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ruka mchanga na ongeza mboji.

Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono, hainuki, na huwezi kutambua tena nyasi alizokula ng'ombe. Ya kuku ni kali zaidi: iache miezi mitatu kwenye lundo lenye unyevu, kisha tumia nusu ya kiasi cha ile ya ng'ombe. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mmea hunyauka ukiwa kwenye maji tele, jambo linalowafanya watu waongeze maji.

Ardhini, chimba mashimo ya sentimita 30 kwenda chini na upana huohuo, yakiachana sentimita 50, mistari sentimita 60 hadi 70. Kila shimo lipate samadi lita 2 hivi. Changanya humo mbolea ya kupandia ya DAP gramu 5, yaani kizibo kimoja cha soda, kisha weka tabaka la udongo mtupu juu yake ili mizizi isiiguse moja kwa moja.

Pandikiza jioni. Ng'oa majani ya chini na ufukie shina hadi karibu na majani yaliyobaki, kwani shina la nyanya hutoa mizizi popote linapofukiwa. Mche mrefu mwembamba ulazwe kwenye shimo kimshazari. Chomeka mti wa kuegemea siku hiyohiyo. Ukichomeka baada ya mwezi, unakata mizizi, na kidonda cha mzizi ni mlango wa mnyauko. Funga kwa ukanda wa nguo kuukuu, kitanzi cha namba 8, kilegee kiasi cha kupitisha kidole.

Maji, ambayo ndiyo mengi ya kazi yenyewe

Mche mpya unataka nusu lita kwa siku. Mmea wenye matunda, lita 1 hadi 2, na ndoo iliyo juani siku ya joto inaweza kudai zaidi. Namba hizi ni mwanzo tu. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili: kukiwa na unyevu, ngoja. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, usiloweshe majani. Vimelea vya bakajani vinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili viingie, na anayemwagilia jioni kwa kurusha maji juu anavipa usiku kucha.

Tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha kiganja kimoja kuzunguka shina. Matandazo hutunza unyevu, lakini kazi yao kubwa zaidi huonekana wakati wa mvua: huzuia tone kurusha udongo kwenye majani ya chini, na huko ndiko bakajani tangulia huanzia.

Kuoza kitako, lile doa jeusi lililodidimia chini ya tunda, kunasemwa kuwa ni upungufu wa chokaa, na watu husaga maganda ya mayai. Ni kweli tunda limekosa kalisiamu, ila mara nyingi udongo unayo. Kalisiamu husafiri na maji. Ukiacha mmea ukauke siku tatu kisha ukaufurikisha, tunda linalokua haraka hukosa mgawo wake. Maganda ya mayai huchukua miezi kuoza na hayataokoa zao hili. Sawazisha maji, toa matunda yaliyoharibika, yatakayofuata yatatoka salama. Nyufa kwenye matunda yanayokaribia kuiva zina chanzo hichohicho. Kwa asiyeshinda nyumbani, chupa ya lita 1.5 iliyotobolewa kizibo kwa sindano na kuchomekwa kichwa chini kando ya shina inasaidia sana.

Mbolea na kupogolea

Wiki tatu baada ya kupandikiza, weka mbolea ya kukuzia ya CAN gramu 5 kwa mche, kwenye duara sentimita 10 kutoka shinani, ufukie na umwagilie. Matunda ya kwanza yakifikia ukubwa wa gololi, rudia kwa gramu 10. Basi. Ukiona mmea una majani mapana, kijani kilichokolea na maua machache, nitrojeni imezidi. Acha mbolea wiki tatu. Konzi moja ya majivu ya kuni kwa mmea huongeza potasiamu, lakini si kwa udongo wa matumbawe kama wa Unguja na ukanda wa Mombasa, ambao tayari una chokaa nyingi na majivu yanauzidishia ubaya.

Nyanya ndefu: ng'oa machipukizi yanayoota kwapani, kati ya jani na shina, yakiwa na sentimita 5, kwa vidole, asubuhi kukiwa kukavu. Nyanya fupi: ondoa yaliyo chini ya kishada cha kwanza cha maua tu, ukiendelea juu unakata mavuno yenyewe. Mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza; virusi vya tumbaku huhamia kwenye nyanya kwa kuguswa.

Nyanya hujichavusha yenyewe. Kwenye kibaraza kisicho na upepo, gonga mti wa kuegemea kidogo kila siku saa 4 asubuhi.

Kinachokuja kula na kinachokuja kuua

Kantangaze aliingia Afrika Mashariki mwaka 2014 hivi, asili yake Amerika ya Kusini, na hadi leo ndiye anayemaliza shamba kwa wiki mbili. Ni nondo mdogo wa kijivu. Kiwavi wake hutoboa ndani ya jani na kuacha mabaka meupe kama karatasi yenye vinyesi vyeusi, kisha huingia kwenye tunda karibu na kikonyo kwa tundu dogo kama la sindano. Kwa mimea kumi ya uani, mkono unashinda dawa: kagua kila siku mbili, chuma kila jani lenye baka, tia kwenye mfuko mweusi, funga, acha juani siku kadhaa. Usitupe kwenye mboji. Beseni la maji yenye sabuni chini ya taa usiku hunasa nondo wengi. Dawa moja ikirudiwa kila wiki, kantangaze huizoea haraka. Ukilazimika kupuliza, badilisha aina ya kiambato, si jina la chupa.

Mwarobaini unafaa kwa viwavi wadogo na inzi weupe. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo ya maji. Pulizia jioni, chini ya majani, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake.

Kiangazi, majani yakiwa na vidoadoa vya njano na utando mwembamba chini yake, ni utitiri mwekundu. Warushie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi ili yakauke mapema, siku tatu mfululizo.

Bakajani tangulia huanza majani ya chini kwa mabaka yenye duara ndani ya duara. Ng'oa majani hayo na mmea utaendelea. Bakajani chelewa ni jingine kabisa: mabaka ya maji yanayogeuka meusi, ukungu mweupe chini ya jani alfajiri, na hali ya hewa ikiwa baridi na nyevu mmea umeisha ndani ya siku chache. Mankozebu au kopa, ambazo ni dawa za ukungu, huzuia, haziponyi, hivyo pulizia kabla ya mvua, kwa kipimo cha kwenye lebo, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mmea uliokwisha kushikwa ng'oa na uchome.

Mmea mzima ukinyauka ghafla mchana majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wake, usihamishe jembe kwenda mmea mwingine kabla ya kuliosha, na mahali hapo panda mahindi kwa miaka. Maji yakibaki safi, angalia mizizi: ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo.

Mavuno huanza siku ya 70 hadi 80 baada ya kupandikiza. Chuma tunda linapoanza kuona wekundu, liive ndani: ladha haipungui, na ndege na kantangaze hawalipati. Usiliweke kwenye friji, chini ya nyuzi 12 harufu yake hupotea. Ndoo iliyotunzwa hutoa kilo 2 hadi 4.

Za kienyeji unaweza kuhifadhi mbegu: kamulia kwenye glasi, acha zichache siku 2 hadi 3 hadi ule ute utoke, osha, anika kivulini juu ya sahani, kwani zikianikwa kwenye karatasi zitang'ang'ania. Za F1 zitaota, lakini watoto hawatafanana na mama.