Kabla hujamtumia mkandarasi hela, hakiki bima yake

Karatasi ya bima ilinifikia kwa WhatsApp usiku, niko Leicester, ndiyo kwanza nimetoka kazini. Muhuri ulionekana, nembo ya kampuni ya bima ilionekana, jina la mkandarasi pia. Kona ya chini, penye tarehe ya mwisho, ilifunikwa na kidole gumba cha aliyepiga picha. Sikutilia maanani, nikatuma awamu ya kwanza. Aprili, masika yamekolea, msingi uliochimbwa karibu mno na mpaka kule Moshono, Arusha, ukaangusha ukuta wa jirani. Ndipo tukagundua bima ile iliisha Februari. Ukuta niliujenga upya kwa hela yangu. Jirani ni mama mtu mzima, na kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa palepale. Hilo bado linaninyima usingizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejenga Arusha au Moshi ukiwa mbali, anza na jina. Omba cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Kinaonyesha aina ya kazi anayoruhusiwa na daraja lake. Kwa wakandarasi wa majengo madaraja ni saba, la kwanza ndilo la juu. Jina la kwenye cheti liwe lilelile kwenye bima na kwenye mkataba wenu. Ukiambiwa bima ni ya kampuni ya ndugu yake, jihesabu huna bima.

Picha usiikubali. Omba hati nzima, kurasa zote, na risiti ya malipo ya bima. Soma tarehe, eneo la mradi na kiwango cha juu cha fidia. Kisha hakiki hati hiyo kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au piga simu kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa mkandarasi. Waulize kama bima iko hai leo na kama inagusa kiwanja chako, maana mtu anaweza kukuonyesha bima halali kabisa ya ghorofa la mtu mwingine Dodoma.

Bima ya ujenzi ya hatari zote kwa kawaida hulinda kazi yenyewe na vifaa, na huwa na sehemu ya madhara kwa watu wengine. Sehemu hiyo ndiyo inayomhusu jirani kama wangu, hakikisha imo, na uliza kama inalipa ukuta ulioangushwa na uchimbaji, maana mara nyingi hilo huachwa nje mpaka uombe liongezwe. Kazi mbovu hailipiwi. Lenta ikipinda kwa sababu fundi hakupima, gharama ya kuirudia si ya bima. Kibarua anayemsaidia fundi akianguka kwenye jukwaa, hiyo ni habari ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Omba na cheti cha WCF.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa nje kuliko mtu yeyote. Tunajenga kwa kudunduliza: msingi mwaka huu, kuta mwakani, kupaua tukipata. Bima nyingi za ujenzi zina kipengele cha kazi kusimama. Saiti ikilala miezi kadhaa bila kampuni ya bima kuarifiwa, ulinzi unaweza kukatika hata kama tarehe haijafika. Kila unaposimamisha kazi, andika barua pepe, na omba jibu la maandishi. Mimi sasa nakata bima kwa awamu ninayoweza kuimaliza bila kusimama.

Na kama unamtumia fundi wa mtaani, ambaye mara nyingi hana bima yoyote? Simlaumu, wengi wao ni mafundi hodari. Ongea na wakala wa bima aliyesajiliwa, ukate wewe mwenye nyumba, na jina la fundi liandikwe humo pamoja na lako.

Kwenye mkataba, weka sharti kwamba awamu ya kwanza haitoki mpaka bima ihakikiwe. Mtu wako wa Arusha, awe dada au shemeji, apewe nakala ya hati na tarehe ya mwisho aiandike kwenye kalenda ya ukutani. Dada yangu ameizungushia wino mwekundu, na wiki mbili kabla hunipigia simu.