Somo: Kuandika na kusoma wasifu wa marehemu

Wengi mmeniuliza wasifu wa marehemu unaandikwaje na kusomwaje, tangu ile arobaini ya juzi Ngamiani, hapa Tanga. Haya, ninavyofanya mimi ni hivi.

Kwanza, kaa na familia kabla ya kushika kalamu. Mwaka aliozaliwa, alikosoma, kazi, kisha majina ya wake na watoto. Majina ndiyo yenye moto. Niliwahi kumruka mtoto wa mke mkubwa, mama wa watu akasimama katikati ya turubai: "Na huyu wangu nilimwokota?" Tangu siku hiyo namsomea kwanza mkubwa wa ukoo, jina kwa jina.

Pili, tafuta jambo moja lililoonekana kwa macho. "Alikuwa mtu wa watu" husemwa kwa kila maiti. Fundi baiskeli wetu nilimweleza hivi: anazamisha mpira kwenye beseni, povu likitoka anamwambia mwanafunzi, "Weka kidole hapo, usitoe." Mtoto anaondoka anajua kuziba pancha, na hela hakuombwa. Watu walicheka, kisha turubai likanyamaza.

Tatu, usione haya kutaja kazi ya chini. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, alipoandika maisha ya Siti binti Saad hakuficha kwamba bibi yule aliuza vyungu kabla ya kusifika kwa uimbaji.

Nne, dakika 5 zatosha. Soma kwa sauti nyumbani. Pale koo linapokukaba, tia alama, ukifika uvute pumzi. Kushukuru viongozi mwachie mshereheshaji.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Madeni ya marehemu niyataje?
Marahaba. Hapana, hayo ni ya msemaji wa familia. Anayedai na anayedaiwa waonane naye.

– Naweza kutia shairi?
Beti mbili, mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8. Ukizidisha, wazee wa Tanga watakujibu kwa mashairi yao na pilau ipoe.

– Baba alikuwa mkali, alitupiga sana. Niseme alikuwa mpole?
Mbele ya ndugu zako mliochapwa pamoja? Sema alikuwa mkali, uishie hapo, kisha taja jema moja alilokufanyia wewe. Usipolipata, mpe mdogo wako karatasi asome yeye.