Kukomaza na kurutubisha mayai ya kiti cha pweza

Kata kipande cha ovari ya Patiria miniata, kiti cha pweza wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, ukipasue ndani ya maji ya bahari yaliyochujwa, nyuzi joto 15 za Selsiasi. Kwenye hadubini, yai changa huonyesha kiini kikubwa angavu kilichosogea upande mmoja. Usilirutubishe bado: litaingiwa na manii kadhaa kwa mpigo.

Ongeza homoni ya kukomaza mayai, 1-methiladenini, hadi mikromola 10 (kipimo cha ukolezi). Saa peke yake haitoshi, kodolea kiini. Ukingo wake ukififia hadi kutoweka, nyuzi za aktini (protini ya kiunzi cha seli) chini ya utando zinajipanga upya, na hifadhi za kalsiamu ndani ya yai zinakuwa nyepesi kuitikia. Rutubisha kabla kibonge cha kwanza cha polari, seli ndogo ambayo yai huitoa likikomaa, hakijatoka. Yai lililopitiliza nalo huingiwa na manii wengi.

Manii yahifadhi bila maji, juu ya barafu, uyachanganye na maji ya bahari wakati wa kutumia tu. Mchanganyiko mweupe kama maziwa ni mzito mno. Kama uliosha mayai kwa maji yasiyo na kalsiamu, yarudishe kwanza kwenye maji ya kawaida, la sivyo manii hayatafanya kazi.

Wimbi la kalsiamu huanzia manii yalipogusa, likavuka yai zima. Vifuko vidogo vilivyo chini ya utando wa yai hupasuka na ganda la urutubisho huinuka. Likiinuka upande mmoja tu, shuku yai kabla ya manii.

Ukijaribu dawa ya latrunkulini, weka kundi la mayai la kulinganishia, lenye kiyeyushi cha dawa peke yake. Dawa hiyo huvunja aktini, na kwa Astropecten, kiti cha pweza wa jenasi nyingine, imewahi kufyatua kalsiamu bila manii kabisa.