Karakana moja, milango kumi na mmoja: jinsi ya kuanzisha makazi ya pamoja

Tuko nyumba kumi na moja hapa Kilifi, na kilichotukutanisha ni mbao. Wengi wetu ni maseremala wa Jumamosi tu: mhasibu, walimu wawili, nesi, fundi wa simu. Kila anayetutembelea huuliza tulianzaje. Hivi ndivyo tulivyofanya, pamoja na pale tulipoteleza.

Hatua ya 1: Pikeni kabla ya kununua

Makazi ya namna hii, kila familia na jiko lake lakini jumba kubwa liwe la wote, yalianzia Denmark. Sættedammen, karibu na Hillerød, ilikamilika 1972 ikiwa na familia 27. Kwao jumba la wote ndipo wanapokula pamoja. Letu ni karakana yenye jiko ubavuni.

Msikimbilie shamba. Kwa miezi sita tulikutana Jumamosi mbili kila mwezi kwenye ua wa mmoja wetu: asubuhi kazi, mchana pilau, na wawili wa zamu wapike na kuosha masufuria. Hapo ndipo watu hujulikana. Kulikuwa na bwana mmoja, fundi kutushinda sote, aliyeazima patasi akairudisha imemeguka ncha, ameiviringisha vizuri kwenye kitambaa, kimya. Mara ya pili ikawa randa. Kheri tulijua mapema, kwa patasi, kabla hajashika pampu ya kisima. Yeye na familia nyingine moja walijitoa bila ugomvi.

Hatua ya 2: Semeni pesa

Kila nyumba iandike kwenye karatasi isiyo na jina kiasi inachoweza kutoa kwa mwezi bila kukopa. Chukueni kiwango cha chini kabisa ndicho kiwe mchango. Mtachelewa, lakini hakuna atakayekimbia katikati ya ujenzi.

Hatua ya 3: Sajilini ushirika

Kundi la WhatsApp halimiliki ardhi. Sheria ya ushirika ya Kenya inataka wanachama wasiopungua 10, kwa hiyo sisi tulipita kwa mmoja. Kwenye sheria ndogo zenu, kifungu kigumu ni cha kutoka: anayehama anauza kwa nani, na bei anapanga nani? Sisi tuliandika kwamba ushirika uulizwe kwanza, na bei itolewe na mthamini aliyesajiliwa. Andikeni hayo wakati bado mnapendana.

Hatua ya 4: Ardhi

Fanyeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Shamba letu la kwanza lilikuwa zuri, minazi imejipanga, muuzaji mcheshi. Upekuzi ukaonyesha jina la marehemu baba yake. Mirathi haikuwa imefunguliwa na ndugu walikuwa watano. Tulipoteza miezi minne na ada ya wakili, basi.

Kama ni ardhi ya kilimo, ombeni idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauziano ni batili, hata kama mmeshalipa. Tena nendeni mkalione shamba mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imeshiba. Dalali atawapeleka Januari.

Hatua ya 5: Ramani

Hapa upepo ndio mchoraji. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo karakana tuliiweka magharibi mwa nyumba zote ili vumbi la mbao liende zake mwaka mzima. Milango ya nyumba inatazamana uani, na bomba moja la kunawia liko katikati. Usione ni dogo: habari zote za mtaa hupitia pale.

Hatua ya 6: Kelele

Mashine huzimwa saa kumi na mbili jioni, hilo limeandikwa. Ambalo halikuandikwa ni leso ya nesi. Akitoka zamu ya usiku huitundika mlangoni, na hadi aiondoe, msumeno wa umeme haulii. Tunafanya kazi ya msasa na gundi. Mwalimu mmoja aliwahi kujifanya hakuiona. Wiki mbili zilizofuata aliosha masufuria peke yake, na hakuna mkutano ulioitishwa.