Taa ya mafuta ya enzi za Biblia, kwa watoto wa shule ya Jumapili Kisumu

Nunua udongo kwa mfinyanzi. Ule mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, hupasuka ukikauka. Changanya mafungu matano ya udongo na fungu moja la vigae vilivyopondwa na kuchekechwa, ukande vizuri. Donge la ukubwa wa chungwa latosha taa moja: lifinye liwe kisahani cha unene wa milimita 6, kisha bana ukingo upande mmoja upate mdomo wa utambi. Hiyo ndiyo taa ya Israeli enzi za wafalme. Siku za Yesu nyingi zilikuwa zimefunikwa juu, kazi ngumu kwa mikono midogo.

Anika kivulini wiki nzima. Msimu wa mvua, zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea: unyevu uliobaki hugeuka mvuke motoni na kuipasua taa. Iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, bado. Choma kwa kuni na samadi kavu, moto ukipanda polepole.

Utambi ni uzi wa pamba uliosokotwa na kulowekwa mafuta. Utokeze milimita 4 tu; ukizidi, moshi. Mafuta ya zeituni ndiyo yenyewe, lakini ya alizeti yanafaa. Mafuta ya taa, kamwe: kwenye chombo wazi ni hatari. Tandaza mchanga kwenye sinia chini ya taa, maana udongo huu huvujisha mafuta.