Oili ya injini, oili ya giaboksi: ninavyochagua kwa helikopta

Nimekuwa fundi wa helikopta hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa miaka 19, na vijana wanaoanza kazi huniuliza swali moja kuliko yote: "Mzee, oili hii na ile zinachanganyika?" Nami huwauliza kwanza: unaitia wapi?

Chukua helikopta ya Bell 206, ndiyo niliyojifunzia. Ina injini ya turbini, yaani inayozungushwa na gesi ya moto badala ya pistoni, Allison 250 ambayo sasa ni ya Rolls-Royce. Ina giaboksi kuu, yaani sanduku la gia, chini ya rota (mapanga ya juu), na nyingine ndogo mkiani. Kinachoitesa oili ya injini ni joto. Beringi zimekaa karibu na moto, na ukizima injini oili huacha kuzunguka ilhali vyuma bado vinawaka. Oili isiyoweza joto hilo huungulia papo hapo na kuacha masizi magumu kama mkaa. Masizi hayo ndiyo huziba vijitundu vya kupitishia oili. Giaboksi haina moto wa namna hiyo. Yenye taabu huko ni meno ya gia, yanayosukumana kwa nguvu hadi utando wa oili kati yao unakaribia kukatika.

Kwa hiyo kuna viwango viwili vya oili vya kukariri, vyote vya jeshi la Marekani. MIL-PRF-23699 ni ya injini za turbini, na giaboksi nyingi za helikopta nazo huikubali. DOD-PRF-85734 ilitengenezwa kwa ajili ya giaboksi za helikopta, ikaongezwa viungo, yaani kemikali za nyongeza, vya kubeba mzigo. Zote mbili ni oili za sintetiki, zilizotengenezwa kwa kemikali iitwayo esta, na zote zina unene wa takriban sentistoki 5 (kipimo cha unene wa oili) kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Zimimine kwenye glasi mbili, na jicho halitakusaidia kuzitofautisha. AeroShell Turbine Oil 500 iko kundi la kwanza, AeroShell Turbine Oil 555 iko la pili. Jina la kampuni ni lile lile, zinatofautiana tarakimu tu. Fundi aliyechoka saa kumi na mbili jioni anaweza kuokota kopo lisilo lake, na viungo vile vinavyoifaa giaboksi vikifika kwenye joto la injini huharakisha masizi. Nyumbani kwangu, yaani kwenye stoo ninayoisimamia, makopo ya 500 na 555 hayakai rafu moja.

Sasa namna ya kuchagua. Fungua mwongozo wa injini, kisha mwongozo wa helikopta yenyewe, maana watengenezaji ni wawili na kila mmoja ana orodha yake. Tafuta oili kwa jina, usiridhike na namba ya kiwango peke yake. Oili inaweza kutimiza 23699 na bado isiwe kwenye orodha ya injini yako. Ndani ya kiwango hicho hicho mna madaraja: STD ni ya kawaida, C/I huzuia kutu zaidi, HTS hustahimili joto zaidi. Mobil Jet Oil II ni ya kawaida, Mobil Jet Oil 254 ni HTS.

Ukitaka kuihamishia injini ya zamani kwenye HTS, nenda polepole. Oili hiyo inaweza kuyabandua masizi yaliyogandamana kwa miaka, yakaenda kuziba chujio. Kagua chujio mara nyingi kuliko kawaida katika saa za mwanzo. Uliza pia kuhusu sili za mpira zinazozuia oili isivuje, kwa kuwa si kila mpira huvumilia kila esta.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kujua kilichomo tayari. Miaka kadhaa iliyopita helikopta ilirudi kutoka kazi ya wiki tatu kaskazini. Nikiisafisha, nikakuta kopo tupu chini ya kiti cha nyuma, la aina tusiyoitumia. Oili ilikuwa imeongezwa huko bila mtu kuandika. Mwongozo wa injini ile uliweka kikomo cha saa 5 kwa injini kuendeshwa na oili zilizochanganywa kinyume cha utaratibu. Saa 5 kuanzia lini? Hakuna aliyeweza kunijibu. Tukamwaga oili yote, tukasafisha mfumo, tukabadilisha chujio, tukaiwasha, tukakagua tena. Injini ilikuwa nzima, lakini helikopta ilikaa chini siku 2, na mgonjwa aliyekuwa akiingojea akalazimika kutafutiwa ndege nyingine. Hilo bado linaniuma.

Kuna kiwango kingine, MIL-PRF-7808: oili yake ni nyepesi, ya nchi za baridi kali. Kwa joto letu sina haja nayo. Helikopta ya Robinson R44 ni habari tofauti kabisa, kwani injini yake ni ya pistoni, ya kampuni ya Lycoming. Hiyo hutumia oili ya ndege za pistoni isiyoacha majivu. Usiitie oili ya gari hata kidogo: viungo vyake vya metali huacha majivu ndani ya silinda, na majivu yakiwa mekundu kwa joto huwasha mafuta kabla ya wakati. Giaboksi zake nazo zina oili inayoagizwa kwa namba ya Robinson mwenyewe.

Unapotia, futa mdomo wa kopo kabla ya kulitoboa. Vipande vidogo vya bati huingia na oili, vikanaswa na sumaku ya kugundua chembe za chuma, taa ya tahadhari ikawaka angani na rubani akalazimika kutua porini bure. Kopo likishafunguliwa, kilichobaki usikihifadhi, hasa Mombasa au Lamu, maana esta hunyonya unyevu wa hewani. Vaa glavu pia. Oili nyingi za turbini zina trikresili fosfeti, sumu inayopenya ngozini.

Kisha chukua kibandiko kisichoyeyuka kwa oili, uandike jina kamili la oili na tarakimu zake, ukibandike kando ya kila mdomo wa kujazia. Ukiondoka na helikopta kwenda kazi ya mbali, pakia makopo ya oili hiyo hiyo ya kutosha safari nzima, ya injini kwenye sanduku lake na ya giaboksi kwenye lake.