Jinsi ya Kula Katika Mkahawa wa Asili wa Zermatt
Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima Matterhorn, hakiruhusu magari ya petroli, kwa hiyo utafika kwa treni. Weka nafasi ya meza mapema, kwa kuwa katika msimu wa kuteleza kwenye theluji mikahawa ya kale ya mbao hujaa jioni.

Agiza fondue, yaani jibini iliyoyeyushwa katika chungu kinachowekwa juu ya moto mdogo katikati ya meza. Dunga kipande cha mkate kwa uma mrefu, ukizamishe hadi chini huku ukikoroga, kisha ukiache kichuruzike kabla ya kukila. Uma usiguse midomo, maana chungu ni cha wote. Ukoko unaobaki chini usiuache: kama ule wa wali, ndio mtamu kuliko vyote.

Asiyetumia kilevi afahamu kwamba fondue hupikwa kwa mvinyo mweupe. Yeye aagize raclette, jibini inayoyeyushwa kwa joto na kukwanguliwa juu ya sahani, ambayo huliwa kwa viazi vilivyochemshwa na maganda yake na achari ya matango madogo. Bakshishi si lazima, kwani gharama ya huduma imo katika bei.